Naomba ushauri: chenso (msumeno wa mnyororo) ya kati ya kupandia na kuangushia miti, cc 50 au 60?

Mti_Mkavu (Lindi)

Wakuu, habari za kazi. Tuko watu watatu hapa Lindi mjini, kazi yetu ni kupunguza na kuondoa miti majumbani na mashambani. Miembe iliyolalia mabati, mikorosho mikongwe upande wa Mtama na Mingoyo, minazi iliyo karibu na nyumba, mara mojamoja mivinje na mijohoro. Juu ya mti tunatumia Stihl MS 194 T yenye baa (kile kibao cha chuma kinachobeba cheni) ya inchi 12. Kwa matawi haina shida, lakini shina likivuka sentimita 35 inakuwa mateso: mtu ananing'inia muda mrefu kwenye mkato mmoja na mashine inachemka. Chini tunaazima MS 381, na hiyo kuipandisha mtini ni kuutafutia mgongo ugomvi.

Natafuta moja ya katikati. Ipande kumalizia shina vipande vipande, halafu ishuke kuangusha na kukatakata magogo. Cc 50 au 60? Baa inchi ngapi? Cheni gani kwa mchanga wetu huu? Na hizi za Kichina za 5200 na 5800 zilizojaa madukani, zinafaa kwa kazi ya kila siku? Nahitaji kitu ambacho spea zake hazitanisimamisha kazi nikisubiri mzigo wa basi kutoka Dar.

Kamba_na_Tupa (Mtwara)

Chukua cc 50. Na ukiwa dukani usitazame cc peke yake, linganisha kilowati na kilo.

Kwa takwimu za kiwanda, hiyo MS 194 T yako ni cc 31.8, kilowati 1.4, kilo kama 3.3. MS 261 ni cc 50.2, kilowati 3.0, kilo 4.9. MS 362 ni cc 59, kilowati 3.5, kilo 5.6. MS 381 mnayoazima ni cc 72.2, kilowati 3.9, kilo 6.6. Husqvarna 550 XP Mark II iko jirani na 261: cc 50.1, kilowati 3.0, kilo 5.3. Kwa hiyo ukitoka kwenye 194 kwenda cc 50 unapata nguvu zaidi ya mara mbili. Ukiongeza tena hadi cc 60 unapata nusu kilowati tu, na unailipia kwa uzito.

Uzito huo wote ni wa mashine tupu. Weka baa na cheni ya inchi 16, ambayo ni kama kilo moja, petroli nusu lita na oili ya cheni robo lita, 261 inakuwa kilo 6.5 mkononi. Hiyo 362 ikivalishwa baa ya inchi 20 na kujazwa inapita kilo 7 na nusu. Chini tofauti ya kilo moja huisikii. Juu, ukiwa umeegemea mkanda na unakata kwa ubavu, kilo hiyo ndiyo inayoshusha kiwiko chako katikati ya mkato, baa inapinda, inabanwa.

Baa: inchi 16, yaani sentimita 40. Watu wengi hudhani baa ndefu ni nguvu. Ni kinyume chake, kila jino la ziada ndani ya mti linakula nguvu ya injini. Halafu mtini kuna jambo baya zaidi: baa ikizidi kipenyo cha shina, ncha inatokeza upande wa pili usiouona, huko ndiko kulikopita mkanda wako, na huko ndiko ncha hugusa tawi na mashine ikarushwa usoni. Robo ya juu ya ncha ya baa ndiyo inayorusha. Kwa inchi 16 unaweza kukata shina hadi sentimita 70 hivi ukilizunguka pande mbili, na kwa miti uliyoitaja hapo ni mwisho wa mahitaji ya juu.

Mashine yenye mpini wa nyuma haipandi kiunoni kama 194. Utaratibu wake ni huu. Iwashwe chini ipate moto, izimwe, ndipo ifungwe kamba na kuvutwa juu. Ikiwa na moto wake itawaka kwa mvuto mmoja au miwili, hutapigana na kamba ya kuwashia ukiwa hewani. Iwe na kamba yake fupi kutoka mpini wa nyuma hadi kwenye mkanda wa kiunoni, na katikati weka kiungo dhaifu kinachokatika, ili kipande kikiondoka na mashine kisikuvute na wewe. Breki ya cheni ifungwe kila inapotoka kwenye mti, hata kama ni kwa kujikuna tu. Mpandaji awe ameshikwa sehemu mbili kabla ya kila mkato: kamba kuu, na mkanda wa kuzungushia shina wenye waya wa chuma ndani. Kamba tupu cheni inaikata kwa kugusa tu.

Spaiki za miguuni ni za mti unaoondolewa. Mti unaopunguzwa matawi ili uendelee kuishi usiupande na spaiki, hasa mkorosho na mwembe. Kila tundu ni kidonda kinachovuja gundi na kuingiza wadudu.

Kuhusu urefu wa vipande, piga hesabu kabla hujapiga resi. Shina la sentimita 40 lenye urefu wa mita moja ni mita za ujazo 0.126. Mti mbichi kama mwembe, hicho ni kipande cha kilo zaidi ya 100. Mtu aliyefungwa kwenye mti hasukumi kilo 100. Kata sentimita 30 hadi 40, na utumie mkato wa kupishana: ingia upande mmoja hadi kuvuka nusu kidogo, kisha upande wa pili ingia sentimita 3 au 4 juu ya mkato wa kwanza, mikato ipitane kama sentimita 2. Zima mashine, itundike, ndipo ukivunje kipande kwa mikono miwili. Uzuri wake ni kwamba kipande hakiondoki mpaka wewe uamue, na wakati kinaondoka cheni haizunguki.

Gogo_Kubwa (Liwale)

Mnajichosha bure. MS 070 inamaliza kila kitu, haina kona kona.

Kamba_na_Tupa (Mtwara)

Mkuu, 070 ni cc 106 na kilo zaidi ya 10 kabla ya baa, na nyingi zilizoko mtaani hazina breki ya cheni. Kwa kupasua magogo porini ni mashine yake. Hapa kuna mtu amening'inia juu ya bati la mwenye nyumba.

Fundi_Kabureta (Masasi)

Nakubali cc 50 na inchi 16. Sikubali 261 mpya moja kwa moja, kwa sababu ya mahali tulipo. Hiyo 261 C-M ina M-Tronic, na 550 XP ina AutoTune. Kabureta inajipanga yenyewe kwa umeme, hakuna skrubu za L (mafuta ya mwendo mdogo) na H (ya mwendo wa juu). Ikiwa nzima ni raha tupu. Ikianza kusumbua, fundi anahitaji kifaa cha kuisoma, na kifaa hicho kipo kwa wakala mwenye leseni, si kwa fundi wa hapa Masasi wala Nachingwea. Ukiamua kununua hiyo, hakikisha kwanza wakala anayekuuzia anaihudumia.

Kwa mtu asiyetaka kungoja, MS 250 inamtosha kwa kuanzia: cc 45.4, kilowati 2.3, kilo 4.6, kabureta ya skrubu, na spea zake zinajulikana. Husqvarna 450 nayo ni ya skrubu, cc 50.2, kilowati 2.4, kilo kama 5. Zote hizi zina plastiki nyingi mwilini kuliko zile za kazi nzito, zinatetemesha zaidi, na ukizilaza kwenye magogo makubwa kutwa nzima hazitadumu kama 261. Lakini mashine ya kilowati 2.3 iliyo hai inakata kuliko ya 3.0 iliyo ndani ya boksi ikisubiri kifaa.

MS 260 ya zamani, cc 50.2 na skrubu zake, ndiyo ingekuwa jibu lenyewe. Tatizo ni feki. Ukiletewa moja tazama namba ya mashine: iwe imechongwa kwenye mwili wenyewe, si stika. Vuta kamba taratibu: msindikizo wa pistoni uwe mzito na uachie kwa mpigo. Fungua eksosi, ni boliti chache tu, uitazame pistoni kwa tochi. Michirizi ya wima upande wa eksosi ina maana imeshawahi kunoki (pistoni kung'ang'ania silinda kwa joto), iache hapohapo. Shika baa uitikise juu na chini. Mchezo ukitoka kwenye krenki, iache pia.

Kupanga kabureta ya skrubu, kwa atakayehitaji: funga L na H kwa upole hadi mwisho, fungua kila moja mzunguko mmoja. Hicho ni kianzio. Washa, acha ipate moto. L irekebishe mpaka ukifyatua resi inapokea bila kukwama. Skrubu ya sailensi (mngurumo wa chini bila resi), LA, ishushe mpaka cheni isimame kabisa mashine ikiwa inanguruma taratibu. Cheni inayotembea kwenye sailensi ni hatari kubwa juu ya mti. Mwisho H: resi ya mwisho bila mzigo sauti isikike inakohoakohoa kidogo, ikiingia kwenye gogo isafike. Ikiwa inalia nyembamba kama mbu hata bila mzigo, mafuta ni machache, pistoni itanoki wiki hiyohiyo. Wengi huipenda sauti ile wakidhani mashine imechangamka.

Na kama baada ya kupanga sailensi bado inapanda na kushuka yenyewe, usiendelee kuzungusha skrubu. Kuna hewa inaingia pembeni: mpira wa kati ya kabureta na silinda umepasuka, au sili za krenki zimeisha. Kuificha kwa kuongeza mafuta ni kuahirisha kunoki.

Mti_Mkavu (Lindi)

Shukrani sana wakuu. Na 5800 je? Nimeona inakuja na baa mbili, cheni, tupa, kila kitu, kwa sehemu ndogo ya bei ya Stihl. Pia naomba mwenye ujuzi wa minazi, maana cheni zetu zinaisha makali kabla mnazi mmoja haujaisha.

Fundi_Kabureta (Masasi)

5800 si kipimo, ni namba iliyoandikwa kwenye kava. Pima mwenyewe: kipenyo cha silinda zidisha kwa kipenyo, zidisha kwa 0.785, zidisha kwa safari ya pistoni, vyote kwa sentimita. Silinda ya 4.5 na safari ya 3.3 inakupa cc 52, hata kama kava limeandikwa nini.

Mashine hizo kwa kazi ya chini zinalipa, mradi uzifanyie mambo kabla ya kuanza. Ivue baa ya inchi 20 au 22 iliyokuja nayo, weka 16. Kaza boliti zote za silinda na eksosi baada ya tangi la kwanza, zinalegea. Badilisha mpira wa mafuta wa ndani ya tangi na kichujio chake, huo wa kwao hulainika na kukatika. Plagi tupa, weka ya jina. Kwa kupanda mtini siishauri. Breki zake za cheni hazilingani, moja inakamata, ya pili inateleza, na ukinunua hujui umepata ipi. Jaribu hivi: mashine chini, resi ya juu kidogo, sukuma kinga ya mkono kwa mgongo wa mkono. Cheni isimame papo hapo. Ikikawia hata kidogo, isipande.

Mkwezi_wa_Mikindani

Minazi. Hapa cc si tatizo, tatizo ni mnazi wenyewe. Nyuzi zake za nje ni ngumu na zinasugua chuma, katikati ni laini kama sifongo. Cheni inaingia kwa shida, ikifika katikati inazama ghafla, kisha inakutana tena na ugumu upande wa pili. Aliyezoea kubonyeza mashine ataruka nayo ikifika kwenye ulaini. Acha uzito wa mashine ufanye kazi, wewe ongoza tu.

Cheni ya meno yenye kona kali kabisa iache kwa minazi na kwa mchanga. Inakata haraka kwenye mti safi, lakini kona ikishaguswa na mchanga hakuna kitu. Chukua yenye kona ya mviringo. Mwendo wake ni mdogo kidogo, makali yanakaa muda mrefu zaidi na kunoa ni rahisi.

Kabla ya kukata, safisha njia ya cheni. Chukua panga, banja gome kwenye mstari wa mkato, mzunguko wote, upana wa kiganja. Mnazi wa pwani una mchanga ulioletwa na upepo wa kusi kwenye nyufa zake. Mkorosho na mwembe una udongo wa mchwa uliopanda na gome, na udongo ule unamaliza cheni kwa mkato mmoja. Dakika mbili za panga zinaokoa nusu saa ya tupa. Miti ya uani tazama pia misumari na waya wa kuanikia nguo uliomezwa na shina. Ukiona alama nyeusi ya bluu kwenye mkato, kuna chuma karibu, simama.

Kupanda: mnazi hauna matawi, kwa hiyo mkanda wa kuzungushia ukilegea unateleza hadi chini na wewe. Zungusha mara mbili ili ujikabe kwenye shina. Vile vidato vilivyochongwa na wakwezi usiviamini, maji hukaa humo na shina huoza kwa ndani. Gonga kwa mgongo wa panga kila unapopita, sauti ya mtungi mtupu ni ishara ya kushuka. Mnazi uliokufa kichwa, iwe kwa mdudu chonga au kwa ugonjwa wa kunyong'onyea, usiupande kabisa hata kama umesimama wima. Uvute kwa kamba kutoka chini au tafuta jukwaa.

Nazi, madafu na makuti vitoke kwanza, mojamoja. Kisha kichwa, kwa kamba. Shina la sentimita 30 kwa mita moja bichi ni karibu kilo 70, kata nusu mita. Na usitegemee bawaba ya mnazi kama ya mwembe. Kwenye mti wa kawaida ule unene unaouacha bila kukata unaongoza gogo linapolala. Kwenye mnazi nyuzi ama zinakataa kukatika kabisa au zinaachia kwa mkupuo. Kama unauangusha mzima, kamba ya kuuongoza iwe imeshafungwa na watu wameshaikaza kabla hujaanza mkato wa nyuma, ule wa mwisho wa kuangushia.

Kamba_na_Tupa (Mtwara)

Naunga mkono yote, hasa la panga. Niongeze upande wa kunoa, maana hata cheni nzuri inaharibiwa hapo.

Ukinunua mashine ya cc 50, cheni yake kwa kawaida ni ya hatua (nafasi kati ya viungo) ya inchi .325. Tupa yake ni ya mviringo ya milimita 4.8. Hiyo ndogo yako ya 3/8 P ni milimita 4.0, na MS 381 ya 3/8 kubwa ni 5.2. Tupa ya namba isiyo yake inachimba chini ya jino au inalipandisha mgongo, unanoa kutwa na haikati. Pembe ni nyuzi 30. Kwa miti migumu kama mkwaju na mjohoro ukishuka hadi 25 makali yanadumu zaidi. Sukuma tupa upande mmoja tu, kutoka ndani kwenda nje ya jino, usirudi nayo ikiwa imegusa. Hesabu idadi ileile kwa kila jino. Meno yote yawe na urefu sawa na lile fupi kuliko yote, vinginevyo mkato unapinda kwenda upande wenye meno marefu.

Kile kinundu kilicho mbele ya jino ndicho kinachoamua jino lichukue unene gani. Kiwe chini ya ncha ya jino kwa milimita 0.65. Kipime kwa kipimo chake kila baada ya kunoa mara tatu au nne, ushushe kwa tupa bapa. Kikiwa juu mno, cheni inatoa unga badala ya mapande na unajikuta unabonyeza. Kikishushwa kupita kiasi, mashine inang'ata, inaruka, na juu ya mti hilo hulitaki. Kuna wanaokisaga makusudi wapate kasi. Waacheni nao.

Unga laini unaotoka badala ya mapande pia ni dalili ya butu tu. Moshi ukiwa na unga, tazama oili kabla ya tupa: elekeza ncha ya baa kwenye gogo jeupe au karatasi, umbali wa sentimita 20, piga resi. Uonekane mstari wa matone. Usipouona, safisha tundu la oili kwenye baa, huzibwa na unga na gundi ya mkorosho. Baa igeuzwe kila cheni inapobadilishwa, upande wa chini ndio unaolika.

Unapoagiza cheni usiseme "ya inchi 16". Hesabu meno ya chini yanayoingia kwenye mfereji wa baa. Baa ya Stihl ya sentimita 40 yenye .325 inachukua 67, ya Husqvarna ina idadi yake. Unene wa mfereji nao, 1.3, 1.5 au 1.6, umeandikwa ubavuni mwa baa. Hapo hata mwenye duka asiyejua hakupotezi.

Mama_Petroli (Mtwara)

Mmesahau kinachoua mashine nyingi zaidi pwani hii: mafuta. Wavuvi wanatumia oili ya tu-stroki ya injini za boti, ile iliyoandikwa TC-W3, na watu wa miti wanainunua kwa sababu ipo kila duka la ufukweni. Oili ile imetengenezwa kwa injini inayopozwa na maji. Chenso inapozwa na hewa, silinda inapata joto kali kuliko hiyo oili ilivyokusudiwa, inaacha masizi kwenye ringi, ringi zinanata, nguvu zinaisha. Nunua ya injini za kupozwa na hewa, yenye daraja la JASO FB au FD.

Kipimo: kwa oili nzuri ni 50 kwa 1, yaani mililita 20 kwa lita moja ya petroli, mililita 100 kwa lita tano. Mashine za Kichina nyingi zinaagiza 25 kwa 1, mililita 40 kwa lita. Soma kitabu chake, usichanganye dumu moja kwa mashine zote. Pima kwa bomba la sindano, si kwa kizibo. Tikisa kabla ya kujaza, na usitumie mchanganyiko uliokaa zaidi ya mwezi. Petroli ya chupa za barabarani chuja kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, halafu iache itulie uangalie maji chini.

Oili ya cheni isiwe ile chafu iliyomwagwa gereji. Ina vyuma vidogo, inasaga pampu na baa, na inarukia ngozi yako kutwa nzima. SAE 40 safi inatosha kwa joto letu.

Mti_Mkavu (Lindi)

Nimeandika yote. Swali la mwisho: mikorosho. Wakulima wanataka mingine iondolewe, mingine ikatwe fupi ichipue kwa ajili ya kubebesha (kuunganishia vikonyo vya mkorosho mwingine). Mashine hiyohiyo?

Kamba_na_Tupa (Mtwara)

Hiyohiyo, na hapa ndipo inaonyesha thamani yake, kazi nyingi iko chini ya usawa wa kifua. Kwa kubebesha, shina huachwa nusu mita hadi mita moja. Urefu hasa, nafasi na msimu waulize TARI Naliendele (kituo cha utafiti wa korosho) au bwana shamba, ndio wanaotoa mbegu na vikonyo. Wewe hakikisha mkato ni laini na umelala kidogo ili maji ya mvua yatiririke.

Matawi ya mkorosho ni marefu, mazito mwishoni, na yanavunjika kabla ya mkato kuisha, yakichuna gome hadi shinani. Mkato wa kwanza uwe wa chini, sentimita 20 hadi 30 kutoka shinani, theluthi ya unene. Wa pili juu, sentimita chache mbele ya ule wa chini, tawi lidondoke. Wa tatu ndio wa kumalizia kisiki karibu na ule uvimbe wa shina, bila kuuingilia. Ukianza na wa tatu umeua upande mmoja wa mti.

Maji ya mkorosho na ya mwembe yanachoma ngozi, na macho ni zaidi. Mikono mirefu, glavu, miwani. Cheni na sproketi safisha jioni kwa brashi na mafuta ya taa, gundi ikikauka usiku asubuhi cheni haizunguki. Na kabla ya kupanda tikisa tawi utazame maji moto, wale chungu wakali wa mtini. Wakulima wanawapenda kwa kufukuza wadudu wa korosho, lakini mpandaji akivamiwa nao ataachia mkono wa kushikia mashine.

Fundi_Kabureta (Masasi)

Nyaya za TANESCO zikipita ndani ya mti au karibu yake, hakuna cha mashine gani. Wapigie wazime, ndipo upande. Kibali cha mti nacho kiulizie ofisi ya TFS (wakala wa misitu) ya wilaya mapema, pamoja na utaratibu wa kumiliki chenso yenyewe. Na gogo au mbao zikitoka hapo kwenda kwingine zinataka hati ya kusafirishia. Ukipata kazi ya mvule huko Rondo tuambie kwanza, ule ndani una jiwe la chokaa, unakwenda na cheni tatu mfukoni.